Mjakaranda na Ibiskusi: Tupande Kipi Katika Lupango?

Mtu akifika Lubumbashi mwishoni mwa mwezi wa 9, kabla mvua haijaanza, ataona jambo la kushangaza. Majani yamekauka, vumbi jekundu limefunika mabati ya nyumba, joto linazidi kila siku, na hapo ndipo mijakaranda inapochanua. Njia nzima inageuka rangi ya zambarau, juu na chini, kwa kuwa maua yanaanguka tangu alfajiri na kutandikwa barabarani. Mgeni husimama akatazama. Wenyeji nao hutazama, ingawa wanajifanya wamezoea.

Ndiyo maana majira hayo watu wenye lupango mpya huulizana: nipande mjakaranda, au nitosheke na ibiskusi kando ya ukuta? Hata kwetu nyumbani tuliulizana hivyo, na maneno yalikuwa marefu. Tunaandika hapa yale tuliyoyapata, kwani wengi huchagua kwa macho tu, na macho huona maua, hayaoni mizizi.

Kwanza mjakaranda. Huu si mti wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia. Wataalamu huuita Jacaranda mimosifolia, jina lililoandikwa mwaka 1822 na David Don, mtu wa Uskoti, kwa sababu majani yake ni membamba, yamepasukapasuka kama ya mimosa. Lakini unao ndugu hapa kwetu. Mvungunya, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba, ni wa jamaa moja nao. Ukiitazama miti hiyo miwili hutaamini, walakini ndivyo ilivyo.

Mti huu hufikia mita 15, pengine kupita, na matawi yake hutanda karibu kadiri hiyo. Tena ni mti wa kungojewa. Ukiupanda kwa mbegu, mara nyingi itapita miaka 7 au zaidi hata uone ua la kwanza. Tunda lake ni bapa, gumu kama ubao, na ukubwa wake ni kama kiganja cha mtoto. Likikauka hupasuka, na mbegu nyepesi zenye mabawa huchukuliwa na upepo. Huko Afrika Kusini mbegu hizo zimekwenda mbali hata mti umeandikwa katika orodha ya mimea ya kigeni inayovamia nchi, ijapokuwa Pretoria hujisifu kuwa mji wa mijakaranda.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikiri. Watu husema, "Nataka mjakaranda nipate kivuli." Kivuli unacho, tena chepesi na kizuri, wakati wa masika. Lakini mwezi wa 9 na wa 10, joto linapotuunguza, mti umekwisha kuangusha majani yake na umevaa maua tu. Ukikaa chini yake jua litakupata. Mtu anayetaka kivuli pekee na apande mwembe, ambao haulali uchi hata siku moja, na juu ya hayo atakula. Anayetaka mjakaranda ajue kwamba anapanda maua, naye akubali kazi yake: kufagia kila siku kwa muda wa wiki kadhaa, maana maua yakilowa huoza na kuteleza kama ganda la ndizi. Nyuki lakini hufurahi sana.

Mizizi yake husukuma mawe ya njia na misingi myepesi. Na usidhani kwamba utaupunguza kwa panga ukishakuwa mkubwa. Ukikatwa sana huchipua vijiti vingi vilivyosimama wima, na umbo lake zuri limekwisha. Kwa hiyo mahali pake pachaguliwe mara moja, siku ya kwanza.

Ibiskusi ni habari nyingine. Jina lake la kitaalamu, Hibiscus rosa-sinensis, maana yake ni waridi la China, na Linnaeus aliliandika mwaka 1753. Ni dada wa ngai-ngai tunayoikuta sokoni na sahanini, lakini huyu dada ni wa kutazamwa. Kimo chake ni mita 2 mpaka 4, ukimwacha. Haangushi majani yote. Akipata maji huchanua karibu mwaka mzima, isipokuwa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 humfanya avivie.

Kumpanda ni rahisi hata kwa mtoto. Mvua zikianza, kata kijiti cha urefu wa kiganja, kisiwe kichanga mno wala kikavu, ondoa majani ya chini, ukichomeke katika udongo wenye unyevu mahali penye kivuli. Kikishika, kihamishe. Ukitaka ukuta wa majani, acha hatua moja kati ya shina na shina. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, basi ukipunguza matawi kwa kiasi unaongeza maua. Lakini wako watu wanaomnyoa kila wiki kama kichwa cha askari, halafu wanalalamika kwamba hachanui! Wamekata vitumba vyote. Vidukari wakimshika, mwoshe kwa maji ya sabuni.

Udhaifu wake ni huu: ua lake huishi siku moja. Asubuhi limefunguka kama sahani nyekundu, jioni limejikunja, kesho liko chini. Mama wanaopamba altare wanajua. Ukilichuma Jumamosi kwa ajili ya Misa ya Dominika, utaweka mabua tu. Lakini shina zima halikosi ua, kwa sababu kila asubuhi jingine limekwisha kushika zamu.

Tuseme neno moja juu ya udongo. Tanuru la shaba la mji huu lilianza kazi mwaka 1911, na upande ule ambako upepo ulipeleka moshi kwa miaka mingi, miti ilikufa na ardhi ikabaki tupu. Mwenye lupango upande huo asitupe pesa zake mbio. Kwanza aone kwa jirani kinachoota.

Basi, kwetu ilikuwaje? Lupango wetu ni mita 20 kwa 25. Mama yetu mzazi, ambaye ni mzee na anakaa nasi, alitaka mjakaranda. Alipokuwa msichana alipita chini ya ile ya mjini pamoja na marehemu baba, na zaidi ya hapo hakutueleza. Mama watoto alitaka ibiskusi, kwani katikati ya lupango, nyuma ya nyumba, tulikuwa tumepanga kujenga vyumba viwili vya kupangisha, vitusaidie kulipa masomo ya watoto.

"Mama," akamwambia kwa heshima, "mti huo utachanua baada ya miaka saba."

"Na mimi, mwanangu, miaka hiyo saba unanipeleka wapi?" mama akamjibu, tukacheka wote.

Jirani yetu, mzee mwenye kisima, alisikia kicheko akaja ukutani. "Mwalimu," akasema, "mti huo utabomoa ukuta wangu, halafu utakunywa kisima changu." Hakuwa akitania. Ukuta ule aliujenga kwa jasho lake, tofali kwa tofali.

Tukachukua kamba, tukaifunga fundo penye mita 6, tukapima kutoka ukuta wa mzee, kutoka nyumba yetu, kutoka shimo la choo. Tulizunguka lupango yote. Mahali palipokuwa mbali na vitu hivyo vyote palikuwa pamoja tu, ndipo pale pale pa chumba cha pili.

Siku tatu hatukusema neno juu ya jambo hilo. Kodi ya chumba si kitu kidogo. Ni mwaka mzima wa masomo kwa mtoto mmoja. Kwa upande mwingine, chumba kinaweza kujengwa wakati wowote, na mama yetu hangoji wakati wowote. Siku ya nne mama watoto mwenyewe alichukua jembe akachimba shimo. Tukajenga chumba kimoja.

Huu ni mwaka wa nne. Mjakaranda umefika ukingo wa paa, haujatoa hata ua moja. Vijiti vya ibiskusi tulichomeka 14 kando ya ukuta, vikashika 11, na mwaka uliofuata vilikuwa na maua. Mama anaketi huko kila asubuhi, wajukuu wanamhesabia maua mekundu, na kiti chake amekigeuza kiutazame mti. Mama watoto bado anapiga hesabu ya kodi kila mwisho wa mwezi, kwa sauti, nasi tunanyamaza.

Mzee jirani alikuja masika iliyopita kuomba vijiti kwa upande wake wa ukuta. Tukamkatia kumi. Kiangazi hiki mti unapata ndoo moja jioni, ibiskusi ndoo tatu, na maji tunayachota katika kisima chake.