Jicho lililopasuliwa likiwa jekundu

Huenda nyumbani mwako yumo mzee aliyepasuliwa jicho kwa ajili ya presha ya macho, yaani glakoma. Mimi ninaye: shangazi yangu. Katika upasuaji ule daktari huyafungulia maji ya ndani ya jicho njia ndogo ya kutokea, chini ya kope la juu, ili presha ishuke. Nuru iliyokwisha potea hairudi. Hulindwa ile iliyobaki.

Lakini vijidudu navyo vyaweza kuipita njia hiyo, hata baada ya miaka. Shangazi alikuwa katika mwaka wa tatu. Jumamosi jicho likawa jekundu, likauma, likatoa usaha, na mwanga wa taa ukamchoma. Majirani wakaleta maji ya majani. Mwingine akaja na matone yaliyobaki ya mtoto wake. (Watu wema, lakini jicho si kikapu cha sadaka!) Mumewe akauza mbuzi usiku ule ule, na alfajiri wakaondoka, Misa ikawapita.

Daktari alivuta majimaji kidogo kutoka ndani ya jicho yakapimwe, kisha akaingiza humo humo kwa sindano dawa mbili za kuua vijidudu, vankomaisini na seftazidimu. Matone peke yake hayafiki huko kwa kutosha. Wengine hupasuliwa tena ili usaha uondolewe. Kuchelewa siku moja tu kwaweza kulipoteza jicho.

Sasa kwa jicho lile shangazi ahesabu vidole vya mkono, ukimkaribia. Zamani alisomea kitabu cha sala. Jicho la pili halikuugua, ila nalo lilipasuliwa vile vile. Kila asubuhi mumewe humwita mlangoni penye mwanga, alitazame.