Habari ya Neno Mkate

Nataka kuwaeleza habari ya neno moja mlijualo nyote, nalo limenifundisha mimi mwalimu baada ya mimi kulifundisha miaka mingi.

Katika mtihani wa somo la dini naliandika ubaoni Sala ya Bwana, nikaacha nafasi tupu mahali kadha wa kadha, watoto wa darasa la tano wazijaze. Shule yetu ina watoto wa madhehebu mbili, kwa hiyo mahali pa kuomba chakula nalikusudia kukubali majibu mawili: mkate, kama wasalivyo Wakatoliki, na riziki, kama ilivyo katika Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952. Mtoto mmoja aliandika ugali. Nalitia alama ya kosa kwa wino mwekundu, na kana kwamba hilo halikutosha, nikalisoma jibu lake mbele ya darasa zima. Watoto walicheka hata wakashika mbavu. Tangu siku ile wakamwita Ugali, naye akaacha kufumbua kinywa wakati wa sala ya asubuhi. Husimama pamoja na wenzake, akitazama chini.

Bibi yake, ambaye ndiye amleaye, alinijia jioni ya siku ya tatu. Hakuja kwa ugomvi. Aliketi juu ya kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, na za shamba, na za ng'ombe, kisha akasema, "Mwalimu, mimi ni mzee, tena sikusoma. Huo mkate wauona wapi hapa kijijini?" Nalimjibu kwa maneno mengi ya vitabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, mwanangu," akaenda zake. Nyumba ile hupika mara moja tu kwa siku, jioni. Jambo hilo nalilijua siku nyingi kabla ya mtihani.

Baada ya hapo neno lile halikuniacha. Nalianza kulitafuta katika lugha yetu yenyewe. Mtu wa leo akisikia mkate, mawazo yake huenda kwa ule wa dukani, wa unga wa ngano, uliotiwa hamira ukaumuka. Lakini watu wa pwani walikuwa na mikate mingi mbali na huo. Uko mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uokwao katika tanuri la udongo. Uko mkate wa kumimina, wa mchele na tui. Uko mkate wa ufuta wa Unguja. Hata tumbaku iliyoshindiliwa ikawa bonge huitwa mkate wa tumbaku, wala hakuna amwekeaye mgeni mkate huo mezani. Na ule wa dukani, wengi wa Unguja na Mombasa huuita boflo, kana kwamba hawakutaka kumpa mgeni jina la mwenyeji. Basi neno letu lilikuwa pana kuliko nilivyodhani. Lilipopanda bara ndipo liliposinyaa: Waganda husema omugaati, Wakikuyu mugate, Wanyarwanda umugati, na kwao maana yake ni ule wa ngano.

Nikaenda kwa fikira mpaka nchi ya Bwana wetu. Kwa Kiebrania mkate ni lehem, na Bethlehemu ni "nyumba ya mkate". Lakini kwa Kiarabu, lugha iliyo ndugu ya Kiebrania, neno lilo hilo, lahm, ni nyama! Mji ni mmoja, jina ni moja, ila Mwarabu akilisikiliza kwa masikio yake mwenyewe husikia nyumba ya nyama. Wenye elimu ya lugha hizo hueleza kwamba hapo kale neno lilikuwa na maana ya chakula kile ambacho watu hukitegemea. Waliolima wakalipa mkate, na waliochunga wakalipa nyama. Mwarabu naye mkate huuita khubz, walakini Mmisri huuita aish, maana yake maisha. Na aish hiyo hiyo, ukifika nchi za Ghuba, si mkate tena, ni wali. Mwezi wa Januari mwaka 1977 serikali ya Misri ilipotangaza kuondoa ruzuku ya unga na vyakula vingine, watu walijaa barabarani siku mbili, wengi wakafa, hata bei za zamani zikarudishwa. Kwa mtu anayeuita mkate maisha, habari ile haikuwa habari ya sokoni tu.

Injili ziliandikwa kwa Kiyunani, na humo mkate ni artos. Wayunani wa leo wakiwa mezani husema psomi. Artos limebaki kanisani, na katika jina la duka la mwoka mikate. Lakini tabu yenyewe haimo katika artos. Imo katika neno linalofuata, epiousios, ambalo sisi tumezoea kusema "wa kila siku". Origene, mwalimu mkubwa wa karne ya 3, ambaye Kiyunani ndicho kilichokuwa lugha yake, aliandika kwamba neno hili halipatikani kwa wenye elimu wala katika usemi wa watu, na kwamba yaonekana waandishi wa Injili walilitunga wenyewe. Yeronimo, alipozitengeneza Injili za Kilatini katika karne ya 4, alilifasiri kwa njia mbili: katika Luka ni mkate wa kila siku, lakini katika Mathayo aliweka neno zito lenye maana ya mkate ulio juu ya vitu vyote. Tena asimulia kwamba katika Injili moja iliyotumiwa na Wakristo wa Kiebrania aliona mahali pale neno lenye maana ya kesho. Naliposoma hayo nalifunga kitabu. Watu wakubwa kama hao walisita mbele ya mstari huu, na mimi wa darasa la tano nalikuwa na wino mwekundu mkononi.

Kwa Kilatini mkate ni panis, nalo lina wana wengi: Wafaransa husema pain, Waitaliani pane, Wahispania pan, Wareno pão. Katika panis hiyo Wazungu walipata pia neno la rafiki, maana yake mtu mnayekula naye mkate mmoja. Waingereza walikwenda mbali zaidi. Neno lao kwa Bwana, Lord, zamani lilikuwa hlaford, yaani mlinzi wa mkate. Na neno lao kwa bibi mwenye nyumba, lady, lilikuwa na maana ya akandaye mkate. Kwa hiyo Mwingereza anaposema Sala ya Bwana, mkate umekwisha kufika katika jina la sala kabla hajafungua kinywa kuuomba, wala yeye mwenyewe hajui. Warusi nao humpokea mgeni kwa mkate na chumvi, na ukarimu wauita kwa maneno hayo mawili yaliyofanywa kuwa moja.

Katika karne ya 16 Wareno walifika Japani kwa jahazi zao, wakaacha huko neno lao la mkate. Wajapani hata leo mkate wauita pan. Mtu angedhani basi kwamba katika sala wao husema pan. Sivyo. Sala yao ina neno la kale, kate, maana yake chakula kimtunzacho mtu. (Nalishangaa kuona jinsi kate yao ilivyo karibu na mkate wetu, lakini ni bahati tu ya masikio, lugha hizi hazina udugu wowote.) Wachina vilevile: Biblia yao ya mwaka 1919 huomba kinywaji na chakula, wala haitaji mkate. Na si ajabu. Kwa Kijapani neno moja, gohan, ni wali uliopikwa na tena ni mlo wenyewe. Aliyekosa wali, hata akishiba vitu vingine, aweza kusema hajala.

Nasi tusiwacheke, maana ndivyo tulivyo. Ni nyumba ngapi ambamo mtoto amekula viazi na muhogo mchana, akaulizwa, naye akajibu, "Leo sijala," kwa kuwa ugali haukupikwa? Waganda wana neno emmere. Kitabu kitakuambia kwamba ni chakula, lakini kwao emmere ni kile kiwekwacho katikati, hasa matoke. Nyama, samaki na mboga ni enva, kitoweo tu. Na katika Sala ya Bwana Mganda huomba emmere. Mkikuyu huomba irio. Watu wa Malawi huomba chakudya, ambacho Mswahili hahitaji kufasiriwa. Wazulu, kwa upande wao, walishikamana na mkate, isinkwa. Katika jirani zetu hawa hakuna aliyepigiwa alama nyekundu.

Sasa nirudi kwa riziki, kwa sababu neno hili limenipa furaha kuliko yote. Twalipata kwa Waarabu, nao husema rizq. Wenye elimu husema kwamba Waarabu nao hawakulizaa. Lilitoka kwa Waajemi, ambao kwao roz ni siku, na rozi ni kile apatacho mtu kwa siku yake. Watu wa pwani wanaijua roz hiyo kwa njia nyingine pia, maana mwaka mpya wa Waswahili huitwa Nairuzi, na Nairuzi kwa Kiajemi ni siku mpya. Basi fungueni Mathayo sura ya 6 katika Biblia ya Muungano. Mtaona kwamba mahali pale pasema riziki yetu, basi, pasipo kuongeza ya kila siku. Nalizoea kudhani kwamba wafasiri walipunguza neno. Kumbe siku imo ndani ya riziki yenyewe, imefichwa kama mbegu. Sidhani kwamba wafasiri walikusudia hivyo, lakini imo.

Je, tuseme basi kwamba riziki ni bora, au chakula, kama isemavyo tafsiri ya Habari Njema, na kwamba mkate utupwe? Siwezi kusema hivyo. Katekista mmoja mzee, jirani yangu wa upande wa Wakatoliki, aliponisikia nikisema habari hizi aliniambia, "Mwalimu, ukiuondoa mkate katika sala, utauunganisha na nini mkate wa Alhamisi Kuu?" Nalinyamaza, maana alisema kweli. Mkate wa sala, na mkate uliowashibisha watu elfu tano, na ule uliomegwa mezani usiku wa mwisho, na nyumba ya mkate alikozaliwa Bwana, ni kamba moja. Ukikata mahali pamoja, kamba imekuwa fupi. Tena sala ya watu wengi haiwezi kuandikwa upya katika kila nyumba. Tukikutana makaburini, sisi wa riziki na wao wa mkate, mstari ule hugongana kidogo, kisha sauti hukutana tena mbele. Wala sijaona maiti aliyekosa kuzikwa kwa ajili hiyo.

Kosa langu, basi, halikuwa kushika maneno ya kitabu. Mtihani ulitaka maneno ya kitabu, na mtoto hakuyaandika. Kosa langu ni kwamba nalifundisha neno pasipo kuuliza wale watoto wanasikia nini ndani yake. Na aibu yangu yazidi kwa sababu nalikwisha fundishwa. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, auliza mkate wa kila siku ni nini, na jibu lake ni orodha ndefu: chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo na fedha, mume au mke mwema, watawala wema, mvua na jua kwa wakati wake, amani, afya, majirani waaminifu. Nilipokuwa mwanafunzi wa kipaimara nalikariri jibu hilo lote kwa moyo, nikalisema mbele ya mchungaji pasipo kukosa hata neno moja, nikasifiwa sana.

Juma lililopita naliwasomea watoto orodha ile. Kisha nikawauliza kila mmoja aseme, nyumbani kwao, kile kitu ambacho kikikosekana mama husema hatujala. Wengi walisema ugali. Wawili waliotoka milimani walisema ndizi, na mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, alisema ugali na samaki, akashikilia kwamba vyote viwili ni kimoja. Naliwaambia kwamba neno lililoandikwa na mwenzao lilikuwa fasiri, tena fasiri nzuri, na kwamba mimi ndimi niliyekosa kwa kulisoma ili wacheke. Darasa lilikaa kimya. Nadhani hawajazoea kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Halafu nalichukua karatasi yake, nikaifuta ile alama ya kosa, nikaandika alama mpya pembeni. Aliipokea kwa mikono miwili kama walivyofundishwa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni pasipo kuitazama. Kwenye sala ya asubuhi bado anatazama chini.