Sura Ieleayo

Jicho ni shahidi mwepesi wa kudanganyika. Mtu ajengaye kompyuta nyumbani kwa mikono yake, akataka maandishi yake yaelee hewani kama moshi, hahitaji uchawi. Yamtosha sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani, skrini ndogo iliyolazwa chali, na kioo cha dirisha kilichoinamishwa juu yake kwa nyuzi 45. Nuru ya skrini hukigonga kioo, na sehemu yake ndogo, yapata moja katika kumi, humrudia mtazamaji. Jicho halijui kuwa nuru imepinda njiani. Huiona sura nyuma ya kioo, mahali pasipo na kitu.

Kazi hii yataka saburi. Maandishi hutokea yamepinduka, hata programu iagizwe kuyageuza kabla. Kioo kikiwa kinene huleta sura mbili, kwa kuwa kila uso wake hurudisha nuru. Chumba kikiwa cheupe kwa jua, sura hufifia.

Hila yenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Tarehe 24 Desemba 1862, katika Royal Polytechnic Institution, London, John Henry Pepper aliwaonyesha watu mzuka jukwaani, katika mchezo uliotokana na kisa cha Charles Dickens. Mzuka ule ulikuwa mtu hai, aliyefichwa chini mbele ya jukwaa na kumulikwa kwa taa kali. Kioo kikubwa ndicho kilichomleta machoni. Lakini aliyeanza kuibuni hila hiyo alikuwa mhandisi Henry Dircks. Mpango wake ulihitaji kumbi zijengwe upya. Pepper aliurekebisha ukafaa kumbi zilizokuwapo. Wote wawili walipewa hataza mwaka 1863, walakini hata leo huitwa Mzuka wa Pepper. Dircks alipatwa na lililompata mtu wa shimoni: kazi yake ilionekana, mwenyewe hakuonekana.

Hatari hiyo imo pia katika sanduku la nyumbani. Ajengaye leo hutumia kompyuta ndogo iliyobuniwa na wengine, kama Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, na programu zilizotolewa bure na watu asiowajua. Wageni wakistaajabu, sifa zote humwelekea yeye. Kulidanganya jicho kwa furaha si kosa, maana kioo chaweza kuinuliwa na siri ikajulikana. Kosa ni kuwaacha shimoni waliomsaidia, naye akasimama juu peke yake kupokea makofi.