Kuku wa Mtoto na Picha za Ukutani

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega huanza kupanda mara tu alipoacha ziwa nyuma yake. Huvuka mstari wa Ikweta, hupita Majengo, Mbale na Chavakali, na pande zote mbili za barabara huyaona mawe makubwa ya nchi ya Maragoli, yamejilaza kati ya migomba kama ng'ombe wanaocheua. Mbele zaidi, baada ya Khayega, lipo lile jiwe refu la Ilesi ambalo maji huteremka usoni pake, na kwa sababu hiyo watu husema kwamba linalia.

Nchi hii ni nzuri, lakini ni nchi iliyojaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ya Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa na baba kwa wanawe, na wana kwa wana wao, hata mengine hayafiki eka moja. Ng'ombe hufungwa kamba, mahindi hufika mpaka mlangoni, na mtoto mdogo hana mahali pa kupaita pake. Lakini viko vitu viwili visivyodai ardhi kubwa, navyo huonekana karibu katika kila boma: kuku, na picha ambazo watoto huzichora.

UKUTA WA JIKONI

Katika nyumba za udongo kalamu ya mtoto ni makaa, na karatasi yake ni ukuta. Hapo huchorwa gari la abiria, mama mwenye mtungi, na fahali mwenye pembe kubwa kuliko mwili, kwa maana Waidakho na Waisukha ni watu wapendao kupiganisha mafahali. Wale wakaao karibu na Ilesi, ambako wanawake hufinyanga vyungu, huokota udongo uliobaki wakafanya sanamu za wanyama. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, kuta husiribwa upya kwa udongo na samadi, kisha hurembwa kwa rangi nyekundu na nyeupe. Picha zote za mwaka huo hufunikwa, na Januari watoto huanza tena.

Mtoto wa miaka 5 akichora kuku, huenda akampa miguu minne, na mayai yakaonekana ndani ya tumbo kana kwamba ngozi ni kioo. Watu wazima hucheka. Hata hivyo mtoto huyo hakukosa akili. Huchora ajuacho, wala si aonacho tu. Anajua kwamba mayai yamo. Ngoja miaka mitatu, na mtoto yule yule atachora vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, na ataonyesha ni kuku yupi asiye na manyoya shingoni. Hakuna aliyemfundisha hayo ila kuku wenyewe. Jicho lililozoea kuchora ni jicho lililozoea kutazama, na mfugaji asiyetazama hapati faida.

FAIDA YA KUTAZAMA

Kuku wa asili hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huyaatamia kwa siku 21. Vifaranga wakitoka, mwewe yuko juu na nguchiro yuko chini. Lakini adui mkubwa kuliko wote ni kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, ambao ukiingia kijijini waweza kuwamaliza kuku wa boma zima kwa siku chache. Dawa ya kuuponya haiko. Iko chanjo ya kuuzuia. Iko chanjo ya namna moja ambayo ni tone moja tu katika jicho la kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi, majirani wenye busara hukusanya fedha na kuchanja siku moja.

Katika kazi hii mtoto ni msaidizi mkubwa. Jioni, kuku waingiapo jikoni kulala, yeye ndiye awajuaye mmoja mmoja. Ndiye asemaye kwamba yule mwekundu hakula leo, au kwamba mabawa ya jogoo yameanguka. Mzazi akisikia neno hilo na kumtenga mgonjwa mara moja, huenda akawaokoa wengine. Akimwambia mtoto anyamaze, ameifukuza habari iliyomjia bure.

KUKU HUYU NI WA NANI?

Katika maboma mengi mtoto hupewa kifaranga akaambiwa, "Huyu ni wako." Mtoto humlisha chenga za mahindi, humtafutia mchwa, na humchora ukutani. Kisha mgeni wa heshima huja, na kwa desturi ya Waluhya mgeni hapokewi vizuri bila kuku. Au ada ya shule hutakiwa, na soko ni kesho. Mtoto arudipo hukuta manyoya tu. Baba hakuiba, kwa kuwa boma ni lake. Lakini neno lake limepungua uzito, na mwaka ujao mtoto hatamlinda kifaranga wa mtu. Hapo ndipo msemo wa wazee hutimia, kwamba kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mara nyingine mwewe huyo hukaa mezani.

Haja zaweza kuwa za kweli, wala hapana aibu kuuza kuku ili kulipa ada. Linalotakiwa ni kumwita mtoto, kumweleza, na kumwahidi kifaranga mwingine katika wale watakaoanguliwa, kisha kutimiza ahadi. Hivyo hujifunza tangu utotoni maana ya mali, deni na uaminifu.

SHULE NA NYUMBANI

Tangu mwaka 2019, mtaala mpya ulipoanza kutumika nchi nzima katika madarasa ya chini, kuchora na kufinyanga kumekuwa sehemu ya masomo. Wazazi wengi wamelalamika juu ya gharama ya karatasi za manila na rangi za dukani, na malalamiko hayo yana haki, kwa maana trei moja ya mayai haiwezi kununua kila kitu. Lakini makaa, udongo mwekundu na udongo mweupe haviuzwi kwa bei hiyo, navyo vilikuwapo kabla ya duka.

Siku hizi nyumba za matofali zinazidi, na mwenye ukuta mpya uliopakwa rangi hataki kuona alama ya makaa. Hilo laeleweka. Basi na awape watoto ubao, au upande wa nyuma wa banda la kuku, awaambie, "Hapa ni penu." Ubao mmoja hauchukui nafasi ya mche mmoja wa mhindi. Na baba apitapo jioni asimame kidogo autazame, kwa kuwa huenda ataona hapo kuku aliyechorwa na mabawa yaliyoanguka, naye bado hajaenda bandani kumtazama.