Ndugu Wawili Chini ya Mnazi: Mapenzi na Makao katika Shairi la Abdilatif Abdalla

Wahenga walinena: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii imesimama juu ya itikadi mbili: kwamba damu hatimaye huishinda hoja, na kwamba nyumbani ni mahali ambapo ugomvi haudumu. Shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute" linazikataa zote mbili.

Shairi hilo limo katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), ambayo tungo zake zilitungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972, mshairi alipokuwa akitumikia kifungo kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Aghalabu wahakiki huusoma mnazi kuwa ni nchi, na Alii na Badi kuwa ni wananchi wanaoigombania baada ya uhuru. Tafsiri hiyo ina mashiko. Hasara yake ni kwamba humfanya msomaji auache mnazi wenyewe upesi mno.

Msomaji wa Bofu, ng'ambo ya Likoni, hawezi kuuacha upesi hivyo. Katika mwambao, mwenye mnazi na mwenye ardhi waweza kuwa watu wawili mbalimbali. Mtu hupanda, hupalilia na kuangua. Wazee wake huzikwa papo hapo. Na bado hati ya udongo huwa mikononi mwa mwingine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wawasilishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Huko huko Likoni, mgogoro wa shamba la Waitiki uliendelea kwa miaka mingi hadi wakaazi walipoanza kupewa hati mwaka 2016. Kwa msomaji huyu mnazi ni ushahidi kabla ya kuwa sitiari. Anapouliza nyumbani ni wapi, anauliza pia kama kesho ataamkia hapo.

Fani ya shairi inaliunga mkono swali hilo. Utungo ni wa kujibizana, na kila mmoja hupewa nafasi ya kusema katika vina na mizani ile ile. Ndani ya bahari ya shairi ndugu hawa wako sawa. Katika mnazi, mmoja yu juu na mwingine yu chini. Usawa wa kauli unaudhihirisha ukosefu wa usawa wa mali. Wala hapana sauti ya tatu ya kuamua. Undugu, ambao ungetarajiwa kuwa hakimu, umegeuka kuwa sehemu ya kesi.

Hapa shairi linaachana na mkondo mkongwe. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama anamuusia bintiye kwamba nyumba hutengemaa kwa adabu, utiifu na kumridhi mume. Mapenzi huko ni kuzuia neno lisitoke. Katika "Mnazi" neno lisilotoka ndilo linalomwacha mtu chini ya mti.

Yaweza kudaiwa kwamba shairi la namna hii linabomoa mapenzi bila ya kujenga chochote. Dai hili halina budi kupimwa kwa tendo la wahusika wenyewe: hakuna anayeondoka. Asiyeupenda mnazi angeshika njia. Asiyemjali nduguye asingejichosha kumjibu. Kudai fungu lako mbele ya ndugu, kwa lugha iliyopimwa, ni kukiri kwamba yeye ni mtu wa kuambiwa kweli. Pengine hayo ndiyo mapenzi yanayobaki pale ambapo hati haipo.

Methali iliyotajwa mwanzo inabaki na kitendawili ambacho shairi limekifichua. Jirani ameambiwa achukue jembe akalime wakati ndugu wakivutana. Mtu wa Bofu ana haki ya kuuliza: akalime shamba la nani?