Kati ya "Nataka" na "Ningetaka"



Wapendwa, lugha ya Kiingereza inalo neno ambalo hata Waingereza wenyewe hulitumia kwa nadra: velleity. Maana yake ni utashi dhaifu, ile hamu ya jambo isiyomfikisha mtu kwenye hatua hata moja ya kulitenda. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini velle, yaani kutaka. Nomino velleitas ilizaliwa katika Kilatini cha Zama za Kati, na Waingereza wakaichukua katika karne ya 17.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna nomino ya namna hiyo, lakini tunayo silabi moja inayotosha: "nge". Mlatini alisema volo, nataka; alisema pia vellem, ningetaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aeleza velleitas kwa njia hiyo hiyo: ni kile ambacho mtu angekitaka, kama kisingekuwapo kizuizi.

Je, ni dhambi? Hasha. Tomaso huyo huyo alitumia neno hili alipofafanua sala ya Bwana wetu. Kule Gethsemane, kwa ubinadamu wake Yesu alikiepa kifo, naye angependa kikombe kile kimwepuke. Ila utashi wake kamili ulikuwa kuyatimiza mapenzi ya Baba.

Shida huanza pale "ningetaka" inapodhaniwa kuwa "nataka". Toba hudai kusudi la kutotenda dhambi tena, na mtu aweza kusema kwa machozi ya kweli: ningependa kuacha pombe, ningependa kupatana na ndugu yangu. Simkejeli. Namwomba tu aimalizie sentensi yake, maana "ninge" haisimami peke yake, hudai "kama". Kama ndugu huyo angetangulia kuniomba radhi. Kama marafiki zangu wasingekuwa wale. Hapo ndipo kizuizi hujitaja chenyewe kwa jina, na mara nyingi ni kidogo kuliko tulivyokihofia.

Yule mgonjwa wa Bethzatha, katika Injili ya Yohane sura ya 5, alikuwa na ugonjwa wake miaka 38. Yesu alimwuliza iwapo ataka kupona. Hakujibu ndiyo wala siyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa. Bwana hakujadiliana naye juu ya birika. Alimwamuru asimame, ajitwike godoro lake na kwenda.