Nairobi hadi New York kwa Hesabu

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupanga safari za ndege kabla hazijaruka: njia, mafuta, uzito, muda. Rubani alipoingia ofisini usiku, alikuta karatasi zake ziko tayari mezani.

Umbali nilifundishwa kwa uzi. Mwalimu wetu aliweka tufe la dunia mbele yetu, akatuagiza tuuvute uzi kutoka Nairobi hadi New York. Tulitazamia ungepita Afrika Magharibi, kama ramani ya ukutani inavyoonyesha. Uzi ukapanda kaskazini: Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Chad, Niger, Algeria, Morocco, ndipo ukaingia Atlantiki. Kisha tukapiga hesabu yenyewe kwa latitudo na longitudo. Pembe baina ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili, ikipimwa kutoka kitovu cha dunia, ni digrii 106 na nusu hivi. Kila digrii ni maili 60 za baharini, na kila maili ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha, utapata kama kilomita 11,830.

Hesabu hiyo naipenda hadi leo, maana haibadiliki. Muda ndio uliotukesha.

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kwenda New York, tarehe 28 Oktoba 2018, watu waliniuliza: mbona saa 15? Boeing 787 hukata kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na dakika chache. Lakini huko juu, kwenye latitudo za kati, upepo mkali huvuma kutoka magharibi, na ndege huukabili usoni. Tena muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa. Njia nayo hupinda. Agosti 2023, Niger ilipofunga anga yake baada ya mapinduzi, ndege zilizozoea kupita huko zililazimika kuzunguka.

Kigumu zaidi kilikuwa mafuta. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi, hivyo uzito ambao ndege inaweza kuruka nao hupungua. Baridi ya usiku husaidia. Nikiongeza mafuta kwa ajili ya upepo, huenda nikalazimika kupunguza mizigo, na sehemu ya mafuta hayo huchomwa kwa kubeba mafuta yenyewe. Nilirudia hesabu hizo hadi niridhike, kwa kuwa ndani ya ndege walikuwa watu na watoto wao.

Wewe unayekwenda kumpokea ndugu, kumbuka kwamba majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano usiku, baada ya saa 15 huku ni saa nane mchana, na kule ni saa kumi na mbili asubuhi. Akirudi, upepo uleule humsukuma. Ondoa kama saa moja.